Jozani na darasa la tatu

Wasomaji wa huku Ghuba mnajua jinsi likizo za joto zinavyokwenda. Tunashuka Unguja na mabegi yaliyopita uzito, tunazunguka kwa jamaa wiki nzima, tunahudhuria harusi mbili tatu, siku moja tunawapeleka watoto Nungwi kuogelea na usiku mmoja Forodhani kula urojo, na kabla hatujashusha pumzi ndege inatungoja. Watoto wakirudi skuli Maskati wanaulizwa walifanya nini, na kila mwaka jibu ni lile lile. Mwaka huu binti yangu wa miaka minane amerudi na jibu jengine. Alikwenda msituni na darasa la tatu la skuli ambayo si yake, na kwa muda wa robo saa alinipotea.

Mambo yalianza kwa wifi yangu. Skuli za Unguja mwezi wa Julai zimeshafunguliwa wakati sisi bado tuna likizo, na mwanawe yuko darasa la tatu la skuli ya serikali hapo mjini. Siku moja tunachambua mchicha akaniambia kwamba darasa hilo linakwenda Jozani kwa somo la sayansi, na mwalimu anatafuta mama wa kumsaidia, maana watoto ni 46 na walimu ni wawili tu. Nikasema nitakwenda, ila nina mtoto. Mwalimu alipopigiwa simu hakuona tabu. "Mlete," alisema, "lakini kwenye orodha yangu hayumo. Wewe ndiye wa kumjua."

Maneno hayo nitayarudia baadaye.

Kwanza niseme jambo ambalo wazazi wengi wa huku tunalo majumbani na hatupendi kulitaja. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, hakikosi neno. Lakini hasemi. Nikimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiarabu, na akikasirika anaingia kwenye Kiingereza cha skuli. Maskati haionekani kuwa ni shida, kwa sababu nyumba yetu ndivyo inavyozungumza, kila mtu na lugha yake na sote tunaelewana. Unguja ndiko inakoonekana. Mama yangu Kiarabu anachokijua ni cha msahafu na sala. Wiki ya pili ya likizo, tumekaa barazani, akaniambia polepole bila kunitazama: "Mwanangu, mjukuu wangu nampenda, lakini ninasema naye kama ninasema na mgeni wa hoteli. Namwonesha kwa mkono: kula, kaa, njoo." Sikuwa na la kumjibu. Binamu zake nao walikuwa wameshampa jina la Mwarabu, kwa mzaha wa kitoto, na yeye akawa anazidi kujikunja pembeni na simu yangu.

Basi siku ya safari ilipofika, sikuwa na hamu kubwa ya kuona kima. Nilitaka tu atoke kwenye simu.

Tuliambiwa tuwe skuli saa moja na nusu asubuhi, na basi liliondoka saa mbili na robo, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Watoto walikuwa wamevaa sare, kofia na mabuibui madogo meupe, na kila mmoja na mfuko wake: mandazi, chapati, mayai ya kuchemsha, na chupa za maji zilizotiwa juisi ya ukwaju. Mwalimu akasimama mlangoni na orodha yake na kuwahesabu wanavyopanda. Akapata 47. Akawateremsha, akahesabu tena, 47. Mwalimu mwenzake akasema, "Kuna mtoto wa ziada." Nikainua mkono kama mwanafunzi: "Ni wangu." Watoto wote wakageuka kumtazama, na binti yangu akautia uso kwenye mkono wangu.

Njia ni ile ya kwendea Paje na Makunduchi: unapita Mwanakwerekwe na msongamano wake, Tunguu, Bungi, na kidogo kidogo nyumba zinapungua na miembe inazidi. Ni kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Walipita wakiimba mpaka sauti zikawakauka. Karibu na Jozani basi likaanza kupunguza mwendo, tuta baada ya tuta, na vichwa vikawa vinaruka pamoja. Mwalimu akasimama, akajishika kwenye kiti na kuuliza: "Hapa hakuna soko, hakuna skuli wala hospitali. Haya matuta ya nani?" Majibu yalikuwa mengi, pamoja na moja la "ya polisi." Kumbe matuta ni ya kima. Barabara imekata katikati ya mahali wanapopita kutafuta majani, na gari zilikuwa zikiwagonga sana. Tangu yawekwe matuta, wanaokufa wamepungua. Nimepita barabara hiyo tangu utotoni nikienda pwani, na nilikuwa nayalaani matuta yale kila mwaka. Sikuwahi kuuliza yaliwekwa kwa ajili ya nani.

Langoni tulipokewa na muongozaji, kijana wa vijiji vya hapo hapo, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watoto wanyamaze ili wamsikie. Aliwapa masharti: hakuna kumlisha mnyama, hakuna kumgusa, hakuna kuchuma jani, na ukimwona kima unasimama mbali naye, hata kama yeye mwenyewe anakusogelea. Kisha akawaambia mahali waliposimama ni wapi hasa. Jozani iko kwenye sehemu ya bonde, nyembamba, kati ya ghuba mbili, ya Chwaka upande wa kaskazini na ya Pete upande wa kusini. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, ndiyo maana miti imekuwa mirefu na mwitu ukabaki mbichi hata kiangazi. Masika yakiwa makubwa, njia tuliyokuwa tunaipita inafunikwa na maji. Pamoja na mikoko ya ghuba, eneo lote ni kiasi cha kilomita 50 za mraba, na tangu mwaka 2004 limekuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza na hadi leo pekee kwa Unguja.

Ndani kuna kivuli na ubaridi, na harufu ya majani yaliyooza. Mitondoo imesimama na mashina yake mazito, michikichi imejaa, na chini kuna mikindu. Muongozaji alipogusa mkindu na kuuliza ni mti gani, mikono yote iliruka. Huu si mti wa kitabuni kwao. Mmoja bibi yake anasuka mikeka ya ukindu, mwengine mama yake anatia rangi miyaa na kuuza vikapu. Walisimulia kama wanagombea: unachemsha, unaanika, unachana kwa kidole gumba. Nikamwangalia wangu. Mkeka wa ukindu tunao nyumbani Maskati, tulipewa na mama yangu, na mtoto amezaliwa anaukalia. Akaunyoosha mkono kuelekea kwenye kuti, akakumbuka sharti, akaurudisha.

Kima tulikuwa hatujawatafuta bado, na wao wakawa wametangulia. Kundi zima lilikuwa kwenye miti mifupi karibu na barabara, labda thelathini, wanakula. Watoto waliziba midomo kwa mikono ili wasipige kelele, na nadhani hiyo ilikuwa dakika ya kimya ndefu kuliko zote za darasa lile mwaka huu.

Kwa ambaye hajamwona, kima punju ana mgongo mwekundu wa rangi ya kutu, mabega meusi na tumbo jeupe, na nywele nyeupe zimemzunguka uso kama mzee aliyesahau kuzichana. Hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa katika visiwa vyetu. Utafiti uliochapishwa miaka ya karibuni uliwahesabu Unguja nzima na kupata zaidi ya 5,800, ambao ni wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini bado anahesabiwa kuwa mnyama aliye hatarini. Wazungu walimwandika kwenye vitabu vyao mwaka 1868 na kumpa jina la Sir John Kirk, daktari na balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Unguja. Watu wa Pete, bila shaka, walikuwa wameshakutana naye.

"Punju maana yake nini?" akauliza mtoto mmoja. Muongozaji akacheka kidogo. Punju ni sumu. Wazee walimwita hivyo kwa sababu ana harufu kali, na ilisemekana kwamba mbwa akila nyama yake ananyonyoka manyoya, na miti anayoila inakufa. Hakuwacheka wazee. Alisema tu kwamba jina hilo lilimsaidia kima, kwa kuwa hakuna aliyetamani kumtia chunguni.

Kisha akawaambia watoto wafiche vidole gumba ndani ya viganja na wajaribu kushika tawi. Kima punju gumba hana. Ana vidole vinne na anaruka kwa hivyo hivyo. Watoto 47 wakawa wanahangaika kushika matawi na mikoba kwa vidole vinne, na mwalimu pia, na mimi pia. Tumbo lake nalo lina vyumba, kama la ng'ombe, ndiyo maana anaweza kuishi kwa majani. Matunda mabivu hayala, anakula mabichi, kwa sababu sukari ya tunda bivu inamchachukia tumboni. Na kwenye mashamba ya jirani, ambako anakula majani ya miembe na mikungu yenye kemikali za kumuumiza tumbo, amejifunza dawa: anakula mkaa. Anakwenda mahali palipochomwa mkaa, anaokota kipande, anatafuna. Mkaa unazifyonza zile kemikali.

"Nani kamfundisha?" akauliza mwanawe wifi yangu.

"Mama yake," akasema muongozaji. "Mtoto anamtazama mama anavyokula, naye anakula. Kima wa msituni ndani, ambao mama zao hawali mkaa, hawaujui."

Sikumtazama mtu.

Hapo hapo mtoto mmoja wa kiume, ambaye mjomba wake ana shamba Kitogani, alinyanyua mkono kwa hasira kabisa. Alisema kima hawa si wazuri, wanakula vidaka vya minazi ya mjomba, na mjomba hawezi kuwapiga kwa sababu ya serikali. Nilidhani muongozaji atamkatisha. Hakumkatisha. Alikiri kwamba kima wanakula vidaka, na kwamba mkulima anayeona mnazi wake unaliwa hawezi kufurahi kwa kuambiwa mnyama ni adimu. Watafiti walipopima, alisema, walikuta minazi haikupungua kuzaa, maana vidaka vingi vinadondoka vyenyewe hata bila ya kima. Pia sehemu ya fedha za kiingilio zinarudi kwa vijiji na kwa wakulima wa karibu. "Mwambie mjomba ninamsalimu," alimaliza. Mtoto hakuridhika sana, na mimi nilimpenda kwa hilo. Wengi wetu tunaokwenda Jozani kupiga picha hatuna mjomba Kitogani.

Kuhusu chui waliuliza pia, kama watoto wote wa Unguja wanavyouliza. Alikuwapo, alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na inaaminika ameshatoweka. Paa nunga yupo, lakini ni mwoga na hukumwona mtu siku ile.

Kwa wazazi wanaotaka kwenda: nendeni asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya watalii na kabla kima hawajapumzika kwa joto. Viatu viwe vya kufunika vidole, si ndara. Bei ya kiingilio ya mwenyeji na ya mgeni si sawa, kwa hivyo chukueni vitambulisho vyenu, la sivyo mtabishana dirishani kama nilivyowahi kubishana mimi mwaka mmoja uliopita. Na ulizeni siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi, kwa sababu upande wa pili wa barabara kuna mikoko, na mikoko ikiwa imezama hamtaona nusu ya mambo.

Sisi tulibahatika. Baada ya kula na kugawana ukwaju tuliingia kwenye mikoko maji yameshatoka. Kuna njia ya mbao, iliyoinuliwa juu ya tope, inayokuzungusha kiasi cha kilomita moja. Chini yake kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wanapunga kama wanaita teksi. Darasa zima lililala kifudifudi juu ya mbao kuwatazama, sare nyeupe na yote, na mwalimu akasema tu, "Mama zenu watanisamehe."

Mimi nilikulia nikisema "mikoko" na kuishia hapo. Muongozaji alituonesha kwamba mikoko ni ukoo, si mti mmoja. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi kama miguu ya buibui. Muia mizizi yake inatoka topeni imekunjwa kama goti. Mkandaa ndio uliotoa rangi nyekundu ya kutia ngozi na nguo. Mlilana unasimama mbele kabisa, ukitazama bahari. Mkomafi una tunda kubwa, la duara, ambalo mbegu zake ukizitawanya kuzipanga tena ni shida. Mbegu ya mkoko haisubiri kuanguka ndipo iote. Inaota ingali juu ya mti, inarefuka kama kalamu, nzito chini, halafu inajiachia na kuchoma topeni, au inaelea mpaka ipate mahali. Mizizi hii inavunja nguvu ya mawimbi, inashika tope lisiondoke, na samaki wadogo na kamba wanajificha humo mpaka wakue. Anayekata mikoko ya Pete leo, alisema, anawapunguzia wavuvi samaki wa kesho.

Tukafika kwenye mti wenye majani ya kijivu chini na mizizi iliyochomoza topeni kama penseli zilizopandwa wima, mamia. Kabla muongozaji hajafungua mdomo, nyuma yangu nikasikia sauti: "Qurm!"

Watoto wakaangua kicheko. Neno lenyewe lina mlio wa kuchekesha kwa asiyelijua. Binti yangu akawa mwekundu. Muongozaji akainama: "Umesema nini, mwanangu?"

Kimya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibie, kama ninavyomjibia siku zote, dukani, kwa bibi yake, kwa simu za jamaa. Mwalimu akanigusa mkono. "Mwache," alisema kwa sauti ndogo.

Ukimya ule ulikuwa mrefu. Kisha: "Huu mti... upo kwetu. Upo Maskati. Jani yake ina chumvi."

"Jani lake lina chumvi," akasahihisha mtoto wa mjomba wa Kitogani, bila ubaya, kama mwalimu mdogo.

"Lina chumvi," akarudia. Na kwa sababu hakuna aliyemsadiki, akaonesha. Jani lilikuwa linaning'inia karibu na mbao. Hakulichuma, alilisogelea tu na kulilamba.

Nafikiri unaweza kukisia kilichofuata. Watoto 46 walipanga foleni kuulamba mti wa watu. Muongozaji alikuwa anacheka mpaka anashika magoti. Mti ule, akawaambia, unaitwa mchu. Unakunywa maji ya bahari na chumvi inayozidi unaitoa kwa majani yake, na zile penseli ni mizizi ya kupumulia, kwa kuwa ndani ya tope hakuna hewa. Akamgeukia binti yangu: "Kwenu mna mikoko mingine?" Akatikisa kichwa. "Huu tu." Na ni kweli. Oman nzima inaota mchu peke yake, na mtaa wa Qurm pale Maskati umepewa jina la mti huo. Michu yake imehifadhiwa kwa amri ya Sultani tangu mwaka 1975, katikati ya barabara na majumba. Skuli yake ilikuwa imewapeleka mwaka jana. Aliporudi alinisimulia kwa Kiarabu na mimi nikamsikiliza kwa nusu ya sikio nikikaanga samaki, na wala sikumwambia kwamba mti huo una jina kwetu, kwa sababu jina lenyewe nilikuwa silijui.

Tulipofika mwisho wa njia ya mbao mwalimu akahesabu watoto kwenye basi. Akapata 46. Akatazama orodha, 46, akatia alama, akamwambia dereva tuondoke.

Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nilikuwa nimechoka, na nilisikia ile 46 na ikanipa raha kama ilivyompa yeye, na basi likaanza kutikisika. Ndipo ikanijia. Hesabu ikiwa sawa na orodha, kuna mmoja hayupo. Na asiye kwenye orodha ni wangu.

Sijui nilisema nini. Wifi yangu, niliposimulia nyumbani, alitaka kujua kama nilipiga kelele, na sijui. Najua nilishuka kabla basi halijasimama vizuri na kwamba mwalimu alinipita mbio, kaumba kanga kiunoni. Njia ile ya mbao ina kona nyingi na kila kona huoni mbele. Nilitazama chini kwenye tope, na maji, niliyoyasifu nusu saa nyuma kwa kuwa yametoka, sasa yalikuwa yanarudi, yanaingia taratibu kwenye mizizi bila sauti. Nilimwita kwa jina. Nilimwita kwa Kiswahili.

"Nipo hapa, mama," akajibu. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa.

Alikuwa amepiga magoti chini ya mchu, kichwa kimepita chini ya kizuizi cha mbao, anajaribu kuvuta kwa kijiti jani lililodondoka juu ya tope. Hakuchuma, alinieleza, limeanguka lenyewe. Alitaka kumpelekea bibi.

Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mwalimu alifika, akahema, akakaa juu ya mbao na kanga yake. Hakumgombeza mtoto wala hakunilaumu mimi, ingawa alikuwa na haki ya yote mawili. Akalivuta jani mwenyewe, akalisuuza kwa maji ya chupa, akampa. Ndani ya basi akatoa orodha, akachora mstari chini ya jina la mwisho, akaandika 47, akamuuliza: "Jina lako kamili nani?" Binti yangu akamtajia, lake, la baba yake na la babu yake, na darasa zima likasikiliza.

Nyumba ya mama yangu iko Malindi, nyumba ya mawe ya zamani. Tulifika magharibi. Mtoto alikwenda moja kwa moja barazani na jani mkononi, limeshaanza kujikunja. "Bibi, lamba."

Mama alilamba bila kuuliza. "Mchu," alisema. "Wameupata wapi watoto wa siku hizi?" Na binti yangu akaanza kusimulia, kwa Kiswahili chenye matundu kama wavu, "kaa mkubwa yake mkono moja," "kima anakula makaa," na pale neno lilipomkataa alikuwa anaonesha kwa mwili, gumba ndani ya kiganja. Mama alikuwa anampa neno na kungoja. Gando. Mkaa. Mizizi.

Kisha zamu ikawa ya mama. Kuni za mchu, alisema, ndizo walizokuwa wakichomea chokaa, na chokaa ndiyo iliyojenga kuta hizi. Akanyoosha kidole juu. Boriti za dari ni za mikoko. Vyumba vyetu vyote ni vyembamba kwa sababu boriti haizidi urefu wake; fundi hakuchagua upana wa chumba, mti ndio uliochagua. Baba yake mama alikuwa baharia. Majahazi yalikuwa yakija na kaskazi yamebeba tende, chumvi na papa wa ng'onda, na yakirudi na kusi yanabeba boriti kwenda huko huko tuliko sisi, Maskati na Ghuba nzima, maana kwao miti mirefu haikuwapo. "Ukirudi huko," alimwambia, "ingia nyumba za zamani, tazama juu."

Haya mengine sikuwahi kuyasikia, na mimi ni mwanawe. Sikuwahi kumuuliza.

Usiku alikataa kulala kwangu, akalala kwa bibi. Nilipopita mlangoni taa imeshazimwa, nilimsikia anahesabu dari. Alifika kumi na nne, akakwama kwenye inayofuata, na sauti ya mama ikamtajia.